Hesabu ya Majeneza

Mwaka 1793 homa ya manjano iliua watu wapatao 5,000 mjini Philadelphia, Marekani. Daktari Benjamin Rush, akidhani watu weusi hawaipati, aliwasihi wawauguze wagonjwa. Walikwenda, na mamia yao wakafa. Kisha Mathew Carey akachapa kitabu, kikanunuliwa sana, akidai baadhi ya wauguzi hao weusi waliwatoza wagonjwa fedha nyingi na hata kuwaibia.

Wakristo wawili weusi, Absalom Jones na Richard Allen, walimjibu kwa kijitabu mwaka 1794. Humo tunakuta hesabu ya maziko, kama tunavyoandika sisi hesabu ya sadaka: zimepokelewa paundi 233, majeneza na vibarua watano, paundi 411. Zilizopungua walizitoa mifukoni mwao.