Bomba la hewa, kutoka Bisie mpaka angani



Siku moja nilimuonyesha baba mdogo wangu video kwenye simu. Ni ile ya tarehe 12 mwezi wa 9, 2024: Jared Isaacman anafungua mlango wa chombo cha anga, anatoa mwili nje, anajishika kwenye vyuma, na dunia inapita chini yake. Hakutumwa na serikali yoyote. Wakati ule alikuwa mfanyabiashara wa Marekani, mwenye kuanzisha kampuni ya malipo, aliyegharamia safari ile pamoja na kampuni ya SpaceX. Kisha akatoka Sarah Gillis, injenia wa SpaceX, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha wanaanga. Kila mmoja alikaa nje dakika chache tu. Tangu Alexei Leonov wa Umoja wa Sovieti afungue njia mwaka 1965, wote waliotoka nje ya chombo walikuwa wametumwa na serikali. Hawa ni wa kwanza kutoka kwa safari ya watu binafsi.

Baba mdogo aliangalia mara mbili, akanirudishia simu, akauliza: «Ile bomba, nani anaichunga?»

Nilicheka. Halafu nikakumbuka anatoka wapi. Alichimba kasiterite Bisie, kwetu Walikale, tangu 2004. Mlima ule ulijulikana kwa madini mwaka 2002, katikati ya msitu, bila barabara. Viloba vilibebwa mgongoni siku mbili za kutembea, halafu ndege ndogo zikatua juu ya lami ya barabara pale Kilambo kuvipeleka Goma. Na ndani ya shimo, hewa ilikuja kwa bomba.

Kweli, wale wanaanga pia hewa yao ilikuja kwa bomba. Hawakubeba mitungi mgongoni. Kila mmoja alifungwa na bomba la karibu mita tatu na nusu lililotoka kwenye chombo. Wenzao wawili, Scott Poteet na Anna Menon, walibaki ndani, nao pia katika mavazi ya anga, juu chombo kile hakina chumba kidogo cha kutokea. Mlango ukifunguliwa, hewa yote ya ndani imetolewa, kwa wote wanne. Kwa hiyo wote wanne walipaswa kutayarishwa.

Matayarisho yalichukua zaidi ya miaka miwili. Walipanda volkano ya Cotopaxi kule Ecuador, walizamia majini, walirushwa na ndege za kivita, walizungushwa kwenye mashine inayomfanya mtu awe mzito mara nyingi. Hayo njo magazeti yaliyapenda. Lakini mimi kilichonishika ni kitu kingine, na ni kitu cha agronomia: azoti.

Sisi tunalia juu ya azoti kila msimu. Tunapanda maharage ili mizizi yake iifunge ardhini, tunanunua urea kwa bei inayouma. Mwanaanga yeye anahangaika kuitoa mwilini. Hewa tunayovuta ina azoti karibu 78 kwa mia, na kiasi chake kinalala ndani ya damu na mafuta ya mwili bila kutusumbua. Lakini vazi la anga haliwezi kujazwa hewa yenye presio ya huku chini, lingekuwa gumu kama mpira wa gari na mkono usingekunjika. Linajazwa oksijeni kwa presio kama theluthi moja tu ya ile tunayoishi ndani yake. Mtu akiteremshwa kwa presio ile ghafla, azoti inatoka kwenye damu kwa mapovu, sawa chupa ya Fanta ukiifungua. Mapovu yanaingia kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo. Unaweza kupooza, unaweza kufa.

Dawa yake ni kungoja. Karibu saa 45 kabla ya kufungua mlango, hewa ya ndani ilianza kupunguzwa polepole na oksijeni kuongezwa, ili azoti itoke yenyewe kwa pumzi. Saa 45, kwa ajili ya dakika chache nje! Na utaratibu ule wenyewe waliujaribu kwanza huku chini, ndani ya chumba kinachopunguzwa hewa.

Nani alijua kwamba inafaa kungoja? Hapa njo historia inarudi kwa watu sawa baba mdogo. Mwaka 1841, Ufaransa, injenia Jacques Triger alikuwa anachimba shimo la makaa ya mawe pale Chalonnes, karibu na mto Loire. Maji yalikuwa yanajaa, basi akasukuma hewa nyingi ndani ili kuyafukuza. Ilifaulu. Lakini wachimbaji wawili waliokaa mle saa saba walitoka, na kama nusu saa baadaye wakashikwa na maumivu makali ya viungo. Walisuguliwa pombe kali, wakarudi kazini. Ugonjwa ule wa mapovu uliandikwa hivyo mara ya kwanza, kwa miili ya wachimba migodi.

Miaka 30 baadaye, St. Louis kule Marekani, walijenga daraja juu ya mto Mississippi. Wafanyakazi walishuka ndani ya masanduku makubwa ya hewa ya kusukumwa mpaka chini ya mto. Walipanda juu haraka, na zaidi ya 10 walikufa. Daktari wa kazi ile, Alphonse Jaminet, alishuka mwenyewe, akatoka kwa dakika chache, akapooza siku kadhaa. Baada ya vifo njo saa za kazi zilipunguzwa. Naomba mushike neno lile «baada».

Paul Bert, Mfaransa, alionyesha mwaka 1878 kwamba kosa ni mapovu ya azoti. John Scott Haldane, Mskoti, alijaribu kwa mbuzi, na mwaka 1908 akatoa jedwali la kupanda kwa hatua. Haldane huyu ni mtu wa migodi pia: alikuwa ameshachunguza vifo vya wachimbaji wa makaa, akaonyesha kwamba baada ya mlipuko wengi wanauawa na monoksidi ya kaboni, akashauri washuke na panya au ndege wadogo, juu wao wanaanguka mbele ya mtu. Na mwaka 1933 Mmarekani mmoja, Mark Ridge, alimfuata London. Hakuwa mtu wa jeshi, alikuwa na ndoto tu ya kupanda na puto lililo wazi mpaka juu kabisa. Haldane na kampuni ya Siebe Gorman walimtengenezea vazi kutokana na lile la wazamiaji, wakamfungia katika chumba, wakatoa hewa mpaka sawa na kimo cha zaidi ya kilomita 25. Alitoka mzima. Pesa ya puto hakuipata, na safari haikufanyika. Kwangu mimi, babu wa Isaacman ni huyu.

Sasa Bisie. Pale shida haikuwa mapovu, ilikuwa hewa yenyewe kuisha. Mashimo yaliingia makumi ya mita ndani ya mlima, watu walikaa ndani mchana na usiku. Matayarisho ya baba mdogo yalikuwa tochi kichwani, kamba, na shauri la mkubwa wake: «Mshumaa ukizimika, panda.» Shauri lenyewe ni nusu ya ukweli. Mshumaa unazimika oksijeni ikipungua. Lakini moshi wa motopompe unaleta ile monoksidi ya Haldane, na mbele yake mshumaa unaendelea kuwaka vizuri huku mtu analala milele. Elimu hiyo ilikuwa vitabuni miaka zaidi ya 100. Haikufika Walikale.

Kodi ya madini ya 2002 ilishasema uchimbaji wa mikono usipite mita 30 chini. Ni jambo jema. Bisie yenyewe ilifungwa na amri ya rais kuanzia mwezi wa 9, 2010 mpaka mwezi wa 3, 2011, pamoja na migodi yote ya Kivu mbili na Maniema, na leo mlima uko mikononi mwa kampuni kubwa yenye mashine. Baba mdogo alishaondoka. Analima mihogo, ananiuliza juu ya mbolea.

Jioni ile nilimjibu kwamba bomba la Isaacman lilichungwa na wenzake wawili ndani, na watu wengi huku chini wakiangalia namba kwenye mashine, wote wakilipwa kwa kazi ile moja.

«Sisi ilikuwa kijana,» akasema. «PDG wa shimo alimupatia chakula, franga hapana. Siku ingine alilala, mafuta ikaisha. Tulikuwa saba. Tulipanda tano.»

Majina ya wale wawili aliniambia. Sitayaandika hapa, mama zao wako wangali hai.