Tarehe ya Siwa ya Shaba ya Amu

Watu wa Pate ukikaa nao barazani hawakosi kumtaja Mwenyi Bayayi. Tarehe yao, yaani historia yao, imemweleza kwa urefu: sharifu, fundi wa mikono, aliyeitwa na Mwana Darini, bibi wa ukoo wa kifalme, amtengenezee kwa siri siwa, yaani baragumu kubwa, ya pembe ya ndovu, kwa kuwa ile ya shaba ilikuwa mkononi mwa mfalme, na bibi huyo alitaka kumtahiri mwanawe kwa heshima. Haya, tumesikia. Lakini ile ya shaba ilisubiwa na nani? Hapo tarehe yao imenyamaza, na wazee wetu wa Amu, yaani Lamu, nao walihifadhi siwa yetu wakasahau jina la fundi.

Leo zote mbili, ya pembe ya Pate na ya shaba ya Amu, zimo katika makumbusho ya Lamu. Watalii hukimbilia pembe.

Siwa ni kitu cha zamani pwani hii. Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama waliona Malindi siwa mbili za pembe, ndefu kama mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Kwetu haikupulizwa ila kwa jambo kubwa.

Mpate mmoja, rafiki yangu, hushikilia kwamba yetu ni yao, tuliazima tusirudishe. Nilimjibu kwa tarehe yake mwenyewe: siwa ya shaba waliyoiazima watu wa Amu ilizama baharini. Iliyozama imeotaje miguu ikarudi Amu? Alicheka, akaagiza kahawa, na kesho yake akaanza upya.

Wako pia wasemao kazi kama ile lazima imetoka ng'ambo. Hao wakamtazame simba mdogo wa shaba aliyefukuliwa Shanga. Kimo chake ni kama sentimita 6, umri wake unakaribia miaka 900, naye alisubiwa kwa nta. Shanga iko kisiwa cha Pate, sitaficha. Rafiki yangu asipewe habari hii.

Siwa yetu nayo ni kazi ya nta. Kwa kuwa ni tupu ndani, fundi huanza na kiini cha udongo na samadi, akakivika nta, na nakshi zote huzichora kwenye nta. Juu yake hupaka udongo laini, kisha wa chengachenga, akiacha njia ya kumiminia na matundu ya kupumulia. Hupigilia vijiti vya chuma vya kukishika kiini, maana nta ikishatoka hakina kingine cha kukizuia. Nta huipima: ratili moja inataka shaba karibu ratili tisa, na ya ziada ya kujaza njia. Kalibu huchomwa mpaka nta yote imwagike na udongo ukauke kabisa.

Ukavu huo naujua kwa ngozi yangu. Nilipokuwa kijana nikivukuta mivuo kwa ami yangu, msubi wa shaba, nilimwambia kalibu imekauka, na haikukauka. Shaba ilipogusa unyevu ilitema kama mafuta ya kaango. Kovu liko juu ya kifundo cha mguu. Ami hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, siku nyingine gusisha shavu lako kwanza."

Shaba ya manjano ikiiva hutoa moshi mweupe, ndiyo zinki inayoungua. Anayeuvuta hutetemeka usiku kama mwenye malaria, asubuhi akaamka mzima. Siku moja tukisubu sahani, ami alisimama upande unakotoka upepo, akamimina mara moja bila kukata, kwani mkono ukisita maji mawili hayashikani, hubaki mstari.

Kalibu ilipopoa aliivunja kwa nyundo ndogo. Sahani ilitoka na jicho moja la hewa karibu na ukingo. Aliizungusha juani, akaliona, akaitupa tena chunguni, nami nikarudi kwenye mivuo.