Mwindaji na Jangili

Katika miaka niliyowafundisha Kiingereza wanachuo wa ualimu, maneno yaliyonipa kazi kubwa ni yale yanayodhaniwa kuwa na maana moja. Chukua "hunter" na mwenzake "poacher". Wote wawili humfuata mnyama na kumuua. Kinachowatenga ni swali moja: mnyama huyo ni wa nani?

Waingereza walilijua swali hilo zamani. Baada ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, mfalme alijitengea misitu na wanyama wake, na mkulima aliyewinda humo akawa mhalifu.

Kiswahili nacho kina "mwindaji" na "msasi", maneno yasiyo na lawama. "Jangili" lina asili ya Kihindi, "jangli", yaani wa porini, nalo ni ndugu wa neno la Kiingereza "jungle".

Sasa tutazame kwetu. Waikoma na Wanata wa Serengeti waliwinda kwa upinde na mishale ya sumu kabla mipaka ya hifadhi haijachorwa. Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White alikuja kwa miguu kutoka Nairobi, akawinda kaskazini mwa Serengeti. Vitabu vinamwita mwindaji. Kisha zikaja sheria za wanyamapori za wakoloni, na mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa. Mjukuu aliyepita njia ya babu yake na upinde uleule akaitwa jangili. Kazi haikubadilika, jina ndilo lililobadilika.

Msomaji asinielewe vibaya. Wale waliowaua tembo na faru kwa bunduki, hata Serikali ikaanzisha Operesheni Uhai mwaka 1989, walistahili jina hilo. Wala mitego ya nyaya inayonasa nyumbu kwa biashara ya nyama si uwindaji wa wazee wetu. Lakini kumwita kwa jina moja muuza pembe za ndovu na baba aliyetafuta kitoweo cha watoto ni kufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Hakimu anayo sheria, naye ataifuata. Mwalimu anayo kazi nyingine: mtoto wa Tarime au Mugumu ajifunze kuilinda hifadhi, na ajue pia kwamba neno analoitwa babu yake lina historia yake.