Mvua ya Septemba haikutungojea

Wakati tulikimbia Fizi mwaka 1996, kila mzee alijua: mvua ya Septemba ikishika, unapanda mahindi. Hiyo kalenda tulienda nayo kambini Nyarugusu, Tanzania, na kuanzia 2005 tukarudi nayo kwa meli mpaka Baraka. Kumbe mvua haikutungojea. Siku hizi inanyesha mara mbili, mbegu inaota, halafu jua linashika. Mwenye kopo moja la mbegu hana ya kupanda tena. Aprili 2020 ikawa kinyume: mvua ilizidi, mto Mulongwe ukabeba nyumba kule Uvira. Muhogo unavumilia jua, lakini ndani ya maji unaoza. Mimi naomba mbegu zigawiwe mara mbili kwa musimu, hata ripoti ikichelewa.