Damu Isiyoganda

Mtu yeyote aliyepata kusimama karibu na mbuzi anapochinjwa ameliona jambo hili: damu hutoka nyepesi, inatiririka, na kabla mchinjaji hajamaliza kuchuna ngozi imekwisha kuwa donge. Tabia hiyo ndiyo ituokoayo tunapojikata kwa kisu au kwa panga. Lakini damu hiyo hiyo yaweza kuganda mahali isipotakiwa, ndani ya mshipa au ndani ya moyo wenyewe. Donge likiziba mshipa unaoulisha moyo, sehemu ya moyo hufa. Likichukuliwa na mkondo wa damu hata kichwani, mtu huanguka kwa kiharusi. Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, alikwisha kueleza katika miaka ya 1850 jinsi madonge yanavyosafiri namna hiyo. Hata hivyo, kwa muda wa miaka themanini na zaidi baada yake, madaktari waliyajua maradhi hayo wala hawakuwa na dawa ya kumeza ya kuyazuia. Dawa ilipopatikana, ilitoka zizini, nayo ilianza kama sumu.

Mnamo mwaka wa 1921 na 1922 wafugaji wa Kanada, na baada yao wale wa North Dakota katika Marekani, waliona ng'ombe wao wakifa kwa namna ya kutisha. Ng'ombe aliyekatwa pembe, au fahali aliyehasiwa, alitoka damu mpaka akafa. Na wengine walivuja damu ndani ya mwili pasipo jeraha lolote. Frank Schofield, daktari wa mifugo wa Ontario, aligundua kwamba wanyama hao walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova tamu yaliyoingia ukungu. Alichagua katika lundo moja mabua mazuri na mabua yaliyoharibika, akampa sungura mmoja haya na mwingine yale. Aliyekula mazuri aliishi. Aliyekula mabovu alitokwa damu akafa. Ni jaribio ambalo mwanafunzi wa darasa lolote angaliweza kulifanya, ila hakuna aliyelifikiri kabla yake. Shauri lake kwa wafugaji lilikuwa jepesi vile vile: msiwape wanyama majani mabovu. Lakini mfugaji asiye na majani mengine, wakati nchi yote imefunikwa na theluji, atawapa nini?

Swali hilo ndilo lililomtoa nyumbani kwake mkulima mmoja wa Deer Park, katika jimbo la Wisconsin, siku ya Jumamosi moja ya Februari mwaka wa 1933. Alipakia katika lori lake ng'ombe aliyekufa, mkebe wa maziwa uliojaa damu isiyoganda, na kama kilo 45 za majani yale, akasafiri karibu kilomita 300 katika dhoruba ya theluji mpaka mji wa Madison. Alimtafuta daktari wa mifugo wa serikali, akakuta ofisi imefungwa. Katika kuhangaika akaufikia mlango wa chuo kikuu ambao haukufungwa, na ndani yake alikuwamo Karl Paul Link, mtaalamu wa kemia. Link hakuwa na dawa. Aliweza kumwambia tu yale yaliyokwisha kujulikana: aache kuwalisha majani hayo, na walio wagonjwa huenda wakapona wakitiwa damu ya wanyama wazima. Mkulima akarudi katika theluji ile ile. Mkebe wa damu ulibaki mezani, nao ukawaondolea Link na wasaidizi wake raha kwa miaka sita.

Kazi yao ilikuwa kuitafuta sumu katika majani, na ugumu wake ulikuwa huu: sumu haikuonekana wala haikuwa na harufu ya kuitambulisha. Kila walipoyachuja majani na kuyagawa mafungu, wangejuaje sumu imekwenda katika fungu lipi? Walihitaji kipimo. Kipimo hicho kilikuwa kimebuniwa na Armand Quick, daktari mzaliwa wa Wisconsin, aliyekitangaza mwaka wa 1935 katika kuwachunguza wagonjwa wa manjano waliokuwa wakitokwa damu ovyo. Alichukua damu, akaichanganya na dawa ya kuifunga kalsiamu yake ili isigande, akaacha chembe zituame na maji ya damu yabaki juu. Maji hayo aliyatia katika kichupa chenye joto la mwili, akaongeza unga wa ubongo wa sungura uliokaushwa, ambao huichochea damu kuganda, kisha akarudisha kalsiamu na kutazama saa. Damu ya mtu mwenye afya huganda baada ya sekunde kama 12. Ikichelewa, basi kuna kilichopungua.

Kwa saa na kichupa, na sungura wengi, msaidizi wa Link aliyeitwa Harold Campbell aliipata sumu safi mwezi wa Juni 1939. Ikaonekana kwamba klova ina kitu kiitwacho kumarini, ndicho kiyapacho majani mapya harufu yake tamu, nacho hakimdhuru ng'ombe. Ukungu ndio unaokigeuza kuwa dikumaroli. Sumu hiyo huizuia kazi ya vitamini K, ambayo Henrik Dam wa Denmark aliigundua kwa kuchunguza vifaranga waliovuja damu. Kwa hiyo dawa ya kuiondoa sumu ilikuwa imekwisha kupatikana.

Mwaka wa 1941 madaktari walianza kuwapa wagonjwa dikumaroli, ili damu yao ichelewe kuganda, lakini kwa kiasi. Link akatengeneza ndugu yake mwenye nguvu zaidi, warfarini, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1948 kuua panya. Nani angaliithubutu? Mwaka wa 1951 mtu mmoja katika jeshi la Marekani alimeza sumu hiyo ya panya. Akatibiwa hospitalini kwa vitamini K na damu, akapona kabisa. Mwaka wa 1954 ikaruhusiwa kwa watu, na Rais Eisenhower, aliyeshikwa na moyo mwezi wa Septemba 1955, alikuwa miongoni mwa walioitumia.

Kwa maoni yangu sifa ya ugeuzi huo ni ya saa ya Quick kuliko ya kidonge, maana kidonge kingebaki sumu kama pasingalikuwa na njia ya kujua kimefika wapi. Walakini saa yenyewe ilikuwa na kasoro. Unga wa ubongo haukulingana nguvu kila mahali. Damu ile ile ilisomwa vingine Uingereza na vingine Marekani, na Wamarekani wakawa wakipewa dawa nyingi zaidi na kutokwa damu zaidi. Ndipo mwaka wa 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha hesabu moja ya kusawazisha vipimo vyote: damu ya mtu mwenye afya ni 1, na mgonjwa atumiaye warfarini kwa kawaida hutakiwa awe baina ya 2 na 3.

Hesabu hiyo yatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa yaweza kuleta baridi yabisi ya moyo, nayo huharibu vali za moyo za vijana wa umri wenu. Aliyewekewa vali ya bandia ya chuma hutumia warfarini maisha yake yote. Dawa mpya zisizohitaji kipimo zimekuwapo tangu mwaka wa 2008, lakini hazifai kwa vali hizo. Na uchunguzi uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, uliotangazwa mwaka wa 2022, ulionyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo wenye mapigo yasiyo sawa walikufa wachache kwa warfarini kuliko kwa moja ya dawa hizo mpya, rivaroksabani.

Basi mgonjwa huenda kliniki, hutolewa damu, na huambiwa namba yake. Tena huulizwa habari za jikoni, kwa kuwa sukuma wiki na mchicha zina vitamini K tele. Hakatazwi mboga, hutakiwa ale kiasi kile kile kila juma. Akila sufuria nzima juma hili na kuziacha juma lijalo, namba hushuka na kupanda, na daktari hawezi kujua kama alaumu kidonge au sufuria.