Nyumba ya Nyota Saba, Bristol

Katika mji wa bandari wa Bristol, Uingereza, ipo nyumba ya kuuzia pombe iitwayo Seven Stars, maana yake Nyota Saba. Waingereza wa kale waliziita hivyo nyota zile tuziitazo kilimia; hata katika Biblia yao ya mwaka 1611, kitabu cha Amosi, mahali palipo na Kilimia katika Biblia yetu pana "nyota saba." Lakini twaitaja nyumba hii kwa ajili ya mwenyeji wake wa mwaka 1787, jina lake Thompson.

Mwaka ule halmashauri ya watu 12 iliundwa London kuipinga biashara ya watumwa, na Thomas Clarkson, kijana wa miaka 27, akaenda Bristol kutafuta ushahidi. Mji ulikuwa umetajirika kwa biashara ile, na wengi walioijua walinyamaza.

Kazi ya Thompson ilikuwa kuwapokea mabaharia waliomaliza safari, kuwalaza na kuwalisha, kisha kuwatafutia chombo kingine. Lakini merikebu za watumwa hakuzipelekea mtu, maana, alisema, sifa ya nyumba yake ingeharibika. Twaliona neno hili kuwa zito: biashara iliyoheshimiwa na matajiri ilikuwa aibu mbele ya mabaharia.

Basi Thompson akawa kiongozi wa Clarkson. Karibu na usiku wa manane walitoka kwenda vilabu vya Marsh Street, wakarudi saa nane au saa tisa. Huko ngoma na ulevi vilikuwa mtego. Baharia aliyelewa alitiwa mashuani, akaja kupata fahamu merikebuni. Mwingine alikopeshwa pombe hata deni likamshinda, kisha akaambiwa achague: merikebu ya watumwa au kifungo.

Clarkson akachunguza na orodha za mabaharia, huko Bristol na bandari nyingine, akakusanya habari za watu zaidi ya 20,000. Wenye biashara walikuwa wakijisifu kwamba merikebu zao ni chuo cha mabaharia. Orodha zao wenyewe zilionyesha kuwa ni kaburi lao. Twasikitika kwamba wakubwa wengi iliwapasa kuhesabiwa maiti za Waingereza kwanza, ilhali Waafrika waliokufa katika merikebu zizo hizo walikuwa wengi mno kuliko hao.

Sheria ya kuikataza biashara ile ilipitishwa mwaka 1807. Mwaka uliofuata Clarkson alitoa kitabu chake, na humo ndimo habari za Thompson zilimohifadhiwa. Nyumba yake ingalipo katika kichochoro cha Thomas Lane, na pombe yauzwa humo hata leo.