Kidau cha Wino katika Safari za Rufiji

Neno kidau lina asili mbili. La kwanza ni dau dogo. La pili, chombo cha wino, latokana na Kiarabu dawat, likavishwa ki- na wingi wake vidau. Katika delta ya Rufiji, iliyomo leo katika Wilaya ya Kibiti, njia kuu ni maji. Nayo barua za maakida wa Kijerumani ziliandikwa kwa Kiswahili. Chomboni kizibo peke yake si kinga. Waandishi wa Kiislamu wa kale walitia nyuzi za hariri kidauni ziufyonze wino, usimwagike upesi kikiinama. Kamusi ikiyaweka maneno hayo mawili pamoja, huficha historia mbili: ya mabaharia na ya makatibu.